Uzoefu wangu: chekechea na darasa la nne kwenye shule moja ya Kayumba, Morogoro

Mwenye haraka aondoke na hili: darasa la awali la shule hii limezishinda chekechea za kulipia nilizozungukia hapa Morogoro mjini, ila darasa la nne lake linanikosesha usingizi. Jina la shule silitaji, nina watoto pale na mengine nitakayosema si ya kupendeza. Ni shule ya msingi ya serikali, ndizo tunazoita Kayumba, ya kutwa, na chekechea, yaani hilo darasa la awali, iko ndani ya uzio uleule. Mkubwa wangu yuko la nne, mdogo amemaliza awali na sasa yuko la kwanza.

Mtaani kwetu ukisema mtoto anasoma Kayumba watu wanakuonea huruma. Shemeji yangu mmoja alifika mbali zaidi, akataka kunichangia ada ili nimpeleke mtoto shule ya Kiingereza yenye basi la njano. Nilimwambia, shemeji, twende kwanza ukaone darasa.

Chumba chenyewe hakina maajabu. Sakafu ina mashimo, na watoto ni wengi mno. Mwongozo wa elimu ya awali unataka watoto 25 kwa mwalimu mmoja, hapa wanazidi mara mbili na ushee. Lakini kuta zimejaa. Kuna kona ya duka yenye maboksi matupu ya juisi, makopo ya Blue Band na hela za karatasi walizochora wenyewe. Kuna kona ya vitabu, na kona ya hesabu yenye vizibo vya soda, vijiti na kokoto. Mtoto anajua vizibo vinarudi kwenye ndoo gani. Shule nyingi zina kona za ukutani tu, za kumwonyesha mkaguzi. Hizi vizibo vyake vimechakaa kwa kushikwashikwa, na hapo ndipo nilipoamini.

Kilichonishangaza zaidi ni namna mwalimu anavyotutumia sisi wazazi. Mimi nauza vipuri vya pikipiki karibu na Msamvu. Siku moja kaniambia, "Baba, wewe una nati na bolti, tuletee na uje mwenyewe." Nikadhani anataka mchango. Kumbe anataka nifundishe! Nilibeba mfuko wa bolti za namba kumi, kumi na mbili na kumi na nne, zimechanganyika na nati zake. Watoto wakakaa kwenye mkeka makundi makundi, kazi yao kutafuta kila bolti na nati yake, kisha kuzipanga kutoka ndogo hadi kubwa. Binti mmoja alihangaika na nati ya kumi kwenye bolti ya kumi na nne, akaniangalia akasema, "Baba, hii imegoma." Nilitaka kumsaidia, mwalimu akanizuia kwa jicho. Yule binti aliichungulia nati kama darubini, akaiweka chini, akachukua nyingine. Ilipoingia alizungusha mpaka mwisho, akafungua, akarudia tena. Shuleni kwetu sisi hesabu ilikuwa kuimba moja hadi mia huku mwalimu kashika fimbo.

Baada yangu alikuja fundi cherehani na futi yake, wakapimana urefu na kuchora alama ukutani kwa chaki. Alikuja pia mama muuza maandazi, wakajifunza kurudisha chenji. Hakuna aliyelipwa.

Kuna bibi mmoja anamlea mjukuu wake, yeye mwenyewe hakusoma. Kwenye kikao alisema wazi kuwa hawezi kumsimamia mtoto kusoma. Mwalimu akamjibu, "Bibi, wewe mwambie aweke kidole chini ya neno na asikirukishe. Akimaliza ukurasa, muulize nani alifanya nini, halafu muulize kwa nini. Akishindwa kukusimulia, basi alikuwa anaimba tu." Hiyo mbinu nimeiiba, naitumia nyumbani na inafanya kazi. Ndani ya muhula mmoja mdogo wangu alikuwa anasoma sentensi fupi, na alipoingia la kwanza hizo KKK, kusoma, kuandika na kuhesabu, hazikumsumbua.

Chakula sasa. Elimu bila ada ilianza Januari 2016, lakini chakula cha mtoto wa kutwa ni jukumu la mzazi, na wengi bado wanabisha kuhusu hili. Mwalimu mkuu wetu aliumaliza ubishi kwa kusoma hesabu mbele ya kikao: ruzuku ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na katika hizo zinazofika shuleni ni 6,000, nyingine zinakwenda kwenye vitabu. Mzee mmoja akagawanya kwa sauti, mia tano kwa mwezi. Kimya. Kuanzia hapo kila nyumba ikakubali kutoa mahindi, sukari na hela kidogo ya mpishi, na wanaoshindwa wanachota maji au kuleta kuni. Uji upo saa nne, na mahudhurio ya awali yamepanda hadi mwalimu analalamika. Boma la darasa la pili la awali tumelifikisha kwenye lenta kwa nguvu zetu. Linasubiri bati.

Haya, upande wa pili.

Nje ya ofisi kuna ubao wa mafanikio. Wastani wa shule, nafasi kwenye kata, nafasi kwenye mtihani wa ujirani mwema unaofanywa pamoja na shule jirani, vikombe vya UMITASHUMTA, yale mashindano ya michezo ya shule za msingi. Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora, lakini shule zenyewe hazijaacha kupimana, na anayelipia huo ushindani ni mtoto wa la nne na la saba. Mkubwa wangu anatoka saa kumi na moja jioni, na Jumamosi yupo shule. Kila wiki jaribio, kila jaribio mia tano ya karatasi. Siku moja hakuwa nayo, akasimamishwa nje wenzake wakifanya. Msimamo wa serikali ni kwamba mtoto asizuiwe masomo kwa sababu ya mchango, na wanalijua. Nilikwenda kwa mwalimu wa taaluma, tukaongea kwa adabu, mwanangu hakusimamishwa tena. Sina hakika na watoto ambao baba zao hawakwenda.

Nawaelewa walimu kwa sehemu. Mtaala mpya, ambao shule ya msingi inaishia la sita badala ya la saba, ulianza 2024, na mwaka 2027 la sita wa kwanza na la saba wa mwisho watamaliza pamoja, kwa hiyo kila mtu anahofia nafasi za sekondari. Ila mtoto aliyekuwa anapanga bolti kwa furaha miaka minne iliyopita sasa anakariri majibu ya kuchagua, na ukimuuliza kwa nini ni C anasema ndivyo ilivyo kwenye karatasi ya mwaka jana. Mwalimu wa chekechea na walimu wa la nne wanakunywa chai chumba kimoja, sijui kwa nini hawaibiani mbinu. Nimelipeleka kwenye kamati ya shule, tuone.

Chekechea naipa tano kati ya tano pamoja na msongamano wake, darasa la nne mbili. Wa tatu akifika miaka mitano nitampeleka palepale.

Uandikishaji huanza Oktoba. Nendeni na cheti cha kuzaliwa, na mkimaliza kujaza fomu msiishie ofisini: ombeni kuingia darasa la awali kabla ya saa nne, maana uji ukishafika hamtaona chochote zaidi ya vikombe.