Tairi Mpya ya Bajaji Yenye Umri wa Mtoto wa Shule: Soma Ubavu Kabla Hujalipa

Mbukwenyi wadau! Karibuni tena kwenye chaneli yetu, na wale wageni mnaonipata leo kutoka huko Singida na Manyoni, karibuni sana, bonyezeni kengele kabisa. Leo nimekasirika, jamani. Nimekasirika kweli.

Hapa mezani nina tairi mbili za bajaji, 4.00-8, yaani upana inchi nne kwa rimu ya inchi nane, saizi hiyo mnaijua, siipotezei muda. Zote zina kashata nzima, yaani yale meno ya kukanyagia, zote zina vile vinywele vya mpira, zote muuzaji kaniambia mpya. Sasa sogeza kamera. Sogeza tena, nataka waone wenyewe. Hapa ubavuni, kwenye hiki kiduara kirefu, kuna tarakimu nne: 2317. Hiyo ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Hii nyingine: 3624. Wiki ya 36, mwaka 2024. Zimetoka duka moja, kwa bei moja!

Subiri, usihame. Naikunja hii ya zamani, naubana ubavu hivi kwa magoti. Mmeona? Hizo nyufa nyembamba zinazofuata mstari wa rimu. Tairi hii haijakanyaga hata jiwe moja. Ni jua hilo, na hewa, na miaka. Mpira unazeeka hata ukikaa bure, na ukining'inizwa mbele ya duka kutwa nzima kwa jua letu la Dodoma, ndiyo usiseme. Kashata zinabaki nzuri, ubavu umekwisha. Halafu mtu anapakia abiria watatu na magunia, anatoka Nzuguni kwenda Mtumba, pale pale kwenye ufa ndipo inapopasuka. Na nyuma ya hiyo bajaji kuna lori.

Naijaribu na hii ya 2024. Nabana vile vile. Safi, haina hata mkwaruzo. Hii ndiyo unayolipia.

Usipoiona tarehe, geuza tairi, mara nyingi imepigwa upande mmoja tu. Ukikuta pamekwanguliwa, mrudishie tairi yake, mwage salamu, ondoka. Kuna wenzetu kwenye chaneli nyingine wanawafundisha watu kubonyeza kwa dole gumba na kusema "ngumu, nzuri". Ndugu zangu, mpira uliozeeka nao ni mgumu!

Haya, PR, yaani ply rating, ile namba ya ubavuni inayoonyesha uimara wa tairi kubeba uzito. Kwa abiria wa mjini, lami ya Area D mpaka Majengo, 4PR inatembea. Wabeba mizigo, chukueni 6PR, inastahimili uzito zaidi. Kuna mdau kaniuliza kama tairi za vile vigari vya gofu zinaingia kwenye bajaji kwa sababu rimu nazo ni inchi 8. Hapana, kaka. Zile za kawaida ni 18x8.50-8, upana wake ni inchi nane na nusu, mara mbili ya yetu na zaidi. Halikai. Ila kusoma tarehe ni kule kule, kwa hiyo nawe mwenye kigari cha gofu, chungulia ubavu.

Bei naiweka kwenye maelezo hapo chini, maana nikiitaja hapa wiki ijayo mtanigombeza. MRF na CEAT za India zitakuwa juu kidogo ya nyingine, mimi naona inalipa, mradi tarehe iwe mpya. Jina kubwa la 2017 silitaki.

Sasa kubadilisha, na hapa nawaomba mnisikilize. Rimu ya bajaji ni vipande viwili vilivyoungwa kwa nati. Usiguse nati hizo tairi likiwa na upepo! Kwanza toa kile kisindano cha ndani ya valvu, upepo uishe wote, bonyeza tairi lilale kabisa, ndipo ushike spana. Ukifungua likiwa limejaa, kipande cha chuma kinaruka usoni kwako. Nimewaona vijana vijiweni wanafanya haraka haraka kwa sababu abiria anasubiri. Abiria apande nyingine.

Likishatoka, pitisha tambara ndani ya tairi, polepole, mzunguko mzima. Kwetu huku mbigili na miba ya migunga haiishi. Mwiba unabaki umejificha ndani, tyubu mpya inakula pancha kabla hujafika Ihumwa, unamlaumu fundi. Tambara likinasa, hapo upo. Ng'oa kwa koleo.

Za nyuma badilisha zote mbili kwa pamoja. Moja kipara, moja mpya, difu, ile gia inayogawa mwendo kwa magurudumu mawili ya nyuma, inateseka hata kwenye barabara iliyonyooka.

Jumamosi usiku tutakuwa mubashara, tutazungumzia tyubu. Kabla ya hapo, nenda kwenye bajaji yako sasa hivi, piga picha tarakimu nne za kila tairi, na ya spea pia, weka kwenye komenti. Nitazisoma zote hewani.