Mabua na majani makavu baada ya mavuno: ununue nini, ukodi nini cha kufungia marobota

Mahindi yakishavunwa, barabara za kupanda kutoka tambarare za Moshi na Hai hujaa magari yaliyobeba mabua ya mahindi na majani ya maharage, yakipelekwa kwa ng'ombe wa maziwa kule juu mlimani. Mzigo wenyewe ni mwepesi ila unajaza gari upesi, kwa hiyo nauli ndiyo inayommaliza mfugaji. Ukiubana ukawa robota, gari lile lile linabeba kilo nyingi zaidi, na hata bandani nafasi inapatikana.

Kabla hujatoa hela, piga hesabu ya ng'ombe wako. Mmoja ukimpa kilo 5 za mabua kwa siku, pamoja na majani mabichi na pumba, kwa siku 120 za kiangazi utahitaji kilo 600. Kwa robota la kilo 15 hayo ni marobota 40. Mwenye ng'ombe watatu anahitaji 120, na kiasi hicho hakimpi mtu sababu ya kununua mashine. Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu.

1. Sanduku la mbao

Kwa mfugaji wa ng'ombe mmoja hadi watano sioni cha kulishinda. Seremala yeyote wa mtaani anakutengenezea: urefu sentimita 85, upana 55, kina 45, halina mfuniko wala kitako. Mwambie apige randa upande wa ndani na asiache msumari umechomoza, maana robota likikwama unalipasua ukilisukuma.

Tandaza kamba mbili kwanza, ncha zake zining'inie nje. Jaza tabaka moja, panda ukanyage, ongeza jingine. Anza kukanyaga kwenye pembe, kisha katikati; pembe zikilegea robota zima linafumuka njiani. Ukishafunga, nyanyua sanduku, robota linabaki chini. Nyasi kavu zilizokanyagwa vizuri hufika kama kilo 20. Mabua ya mahindi huwa pungufu, kwa sababu ni magumu kubanika.

Mabua yakate kwa panga yaenee ndani ya sanduku. Usiyapitishe kwanza kwenye mashine ya kukatakata, kwani vipande vidogo havishikwi na kamba. Ukishayakata hivyo, yatie kwenye magunia tu. Na kamba iwe ya katani. Ng'ombe akimeza kipande cha nailoni hakiozi, kinabaki tumboni, na siku moja unaitwa kumwangalia mnyama aliyeacha kula.

2. Kukodi mwenye trekta

Kwa ngano, shayiri na mpunga, hii ndiyo njia. West Kilimanjaro, Karatu, Narok, kote ambako mashine ya kuvuna inaacha majani yamelala kwa mistari, trekta inapita na mashine ya marobota ya pembe nne nyuma yake na kazi inakwisha mapema. Mwea nako, majani ya mpunga yaliyokuwa yakichomwa moto sasa yanafungwa na kuuzwa kwa wafugaji.

Shida iko kwenye bei. Wengi hutoza kwa robota, hivyo yakifungwa malegevu idadi inaongezeka: yeye anapata zaidi, wewe unasafirisha hewa. Nenda na mizani. Pima matano ya kwanza, mkubaliane uzito, ndipo aendelee. Kama shamba lako ni la mahindi, muulize kama ameshawahi kufunga mabua. Yale manene hukata bolti za mashine, na anayejifunzia kwako atakuchelewesha. Mwenye nusu eka aungane na majirani, la sivyo trekta haiji.

3. Kununua yaliyokwisha fungwa

Nunua kwa kilo. Tuseme robota la kilo 10 ni shilingi 4,000 na la kilo 16 ni 5,000: la kwanza ni 400 kwa kilo, la pili halifiki 315. Kisha omba lifunguliwe moja, utakalochagua wewe. Ingiza mkono katikati. Kukiwa na joto, harufu ya uvundo au vumbi jeupe, ondoka. Chakula chenye ukungu kinaweza kuwa na sumukuvu, na sumu hiyo hupita hadi kwenye maziwa wanayokunywa watoto wetu. Usikubali hata kwa bei ya kutupa, wala usiyatandike kwa ndama.

4. Mashine yako mwenyewe

Hii niwaachie vikundi vinavyotaka kuuza huduma. Ndogo ya marobota ya duara inavutwa na trekta dogo. Ya pembe nne inataka trekta la nguvu farasi 35 kwenda juu. Ukinunua mtumba, usiridhike na rangi mpya. Ifunge marobota 20 mbele yako, uangalie mkono unaopiga fundo, kwa kuwa hapo ndipo mashine nyingi zilizochakaa hufeli. Ulize pia vipuri viko mji gani.

Njia yoyote utakayochagua, zao lenyewe lina uzito wake. Majani ya maharage na karanga yana protini kuliko mabua, yawe ya kwanza kwa ng'ombe anayekamuliwa. Majani ya mpunga ni magumu kusagika, na ya ngano mimi huyapendelea kwa kutandika. Bua likunje: likivunjika kwa mlio, funga, likipinda tu, subiri, kwani unyevu ukizidi asilimia 15 hivi unakaribisha ukungu. Maharage yafungwe asubuhi umande ukishakauka, kwa sababu jua la mchana linapukutisha majani, unabaki na vijiti.

Shamba lisikombwe lote. Acha angalau theluthi moja ya masalia yafunike udongo. Marobota yapange juu ya magogo, mbali na ukuta, paa lisivuje, na ya maharage yakae mbele ambako mkamuaji atayafikia bila kubomoa rundo zima.