Warsha ya sayansi ya bahari, pwani ya mashariki Unguja: uzoefu wangu

Nyota mbili. Moja ya wakulima wa mwani waliotufundisha, moja ya ratiba. Ratiba imepangwa na mtu anayeijua bahari: siku za bamvua, maji yanapwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, unapata muda wa kutosha kwenda mpaka karibu na mwamba na kurudi. Kamba ya mita 50, fremu ya mraba ya nusu mita, unahesabu vilivyomo ndani yake kila mita 5. Kazi safi.

Lakini chumvi! Refraktomita, kifaa cha kupimia chumvi ya maji, husawazishwa kwa maji yasiyo na kitu ndani, yale ya betri yanayouzwa vituo vya mafuta (si asidi). Unatia matone mawili matatu kwenye kioo, unafunika bila viputo, unasubiri nusu dakika, unatazama kwenye mwanga, kisha unazungusha skrubu mpaka mstari wa buluu ukae kwenye sifuri. Msimamizi akatumia maji ya kisima. Kisima cha pwani, kwenye mawe ya matumbawe, maji ambayo ukipikia chai chumvi unaionja! Chumvi ile ikafanywa sifuri, na kila kipimo kikashuka kwa kiasi kilekile. Bahari yetu ni karibu 35 kwa elfu, yaani gramu 35 za chumvi kwa kila kilo ya maji. Tukaandika 31 ufukweni, 31 katikati, 31 mwambani.

Maji matamu yangekuwa yanaingia, namba ingekuwa ndogo ufukweni na ingepanda kuelekea mwambani. Upungufu ulio sawa kila mahali ni wa kifaa. Tena kilikuwa kipupwe, masika yamekwisha kitambo. Nilipouliza nikajibiwa mbele ya watu: "Mashine haisemi uongo. Andika ulichokiona." Mama mmoja mkulima akasema maji matamu hapa huja na mvua, si sasa. Akaambiwa, "Mama, hii ni sayansi." Pwani hii inalima mwani tangu 1989!

Ripoti ikasema mwani unaoza kwa sababu chumvi imepungua. Hilo si jambo dogo. Mwani ukipauka na kukatika, hasa ile aina iitwayo kotonii, kwenye maji mafupi jambo la kwanza kuangalia ni joto, na dawa yake ni kuhamia kina kirefu. Ukimwambia mkulima tatizo ni maji matamu, atahamisha vigingi na taitai (kamba ndogo za kufungia mwani) zake kando ya ufukwe, joto lilelile, na msimu umepotea.

Kwa hiyo nyota ya ratiba naiondoa. Ya wakulima inabaki.

Waandaaji, jedwali lile bado linatengenezeka. Kisima kipo. Chukueni refraktomita iliyosawazishwa kwa maji ya betri, pimeni maji ya kisima kilekile, na namba mtakayoiona iongezeni kwenye kila kipimo. Kisha rudini kwa wakulima na ripoti mpya.