Kipindi cha Maswali na Majibu Bungeni: tathmini ya mwananchi aliyekitumia

Katika huduma ambazo mwananchi wa Tanzania anazipata bila kulipia hata senti moja, Kipindi cha Maswali na Majibu cha Bunge ni mojawapo ya zile ambazo wengi wetu tumezigeuza kuwa burudani ya asubuhi. Mimi nilikuwa miongoni mwao. Saa tatu ikigonga nilikuwa nafungua redio, nakunywa chai, nacheka nikisikia mheshimiwa fulani akimwomba Naibu Waziri aongozane naye jimboni. Hali hiyo iliendelea mpaka kijiji chetu kilipopata jambo la kuuliza, nami nikalazimika kukijua kipindi hiki kama mnunuzi anavyolijua duka lake, yaani kujua kinachopatikana, kisichopatikana na saa ya kwenda.

Jambo letu lilikuwa boma la zahanati. Tulichanga, tukafyatua matofali, tukasomba mchanga na mawe kwa zamu, na kuta zikafika kwenye lenta. Kisha, kama ilivyo kwa miradi mingi ya nguvu za wananchi, tukasubiri Serikali ipokee kijiti kwa bati, milango na sakafu. Mvua za misimu miwili zilinyeshea kuta hizo. Barua tuliyoiandikia ofisi moja, ambayo sitaitaja, ilikaa kwenye faili muda mrefu, na tulipoifuatilia tuliambiwa tuandike nyingine kwa sababu ya kwanza haionekani.

Aliyelichukua suala letu alikuwa Mbunge wa Viti Maalum wa mkoa wetu, na jambo hilo lina maana yake katika tathmini hii. Wabunge wa aina hiyo hupatikana kwa uwiano wa kura ambazo vyama vimepata, na katika CCM majina yao hupigiwa kura kupitia Umoja wa Wanawake mkoa kwa mkoa, kwa hiyo eneo lao la kazi ni mkoa mzima ingawa hawana jimbo. Sheria ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo ya mwaka 2009 inamtambua mbunge wa jimbo, wala si wao. Mwenye jimbo anaweza kutuliza kelele za mkutano wa hadhara kwa kuahidi mifuko ya saruji na bati kadhaa. Asiye na mfuko hana budi kumsimamisha Waziri ajibu. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu swali letu lilishughulikiwa kwa bidii ambayo sikuitarajia, kwani kwa mheshimiwa huyu swali ndilo panga na jembe kwa pamoja.

Msingi wa huduma hii ni Ibara ya 63(3)(a) ya Katiba ya mwaka 1977, inayolipa Bunge mamlaka ya kumuuliza Waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Mbunge hupeleka swali kwa maandishi kwa Katibu wa Bunge, na likishakubalika chini ya Kanuni za Kudumu hupangiwa siku. Hapa ndipo mteja mgeni anaposhtuka. Katika mkutano wetu mzee mmoja alizungumza kwa robo saa nzima kuhusu wajawazito wanaobebwa kwa bodaboda usiku, kuhusu mkwe wake aliyejifungulia njiani, na kuhusu jasho lililomwagika kwenye kuta zile. Kilichosomwa Dodoma ni sentensi moja tu: lini Serikali itakamilisha boma la zahanati la kijiji hicho? Mzee alinitazama kana kwamba nimemuuzia kanga yenye tundu.

Mimi sikukasirishwa na ufupi. Maneno mengi yangempa Waziri mahali pengi pa kujificha. Kilichonikera ni neno "lini", ambalo wabunge wetu wanalipenda mno. Swali la "lini" linasikika kali masikioni mwa mpiga kura, lakini kwa mwenye kujibu ni mto laini wa kulalia, kwa sababu jibu lake limekwisha kutayarishwa miaka mingi iliyopita: kadri ya upatikanaji wa fedha. Anayesikiliza kipindi hiki kwa wiki moja tu atalikariri jibu hilo pamoja na ndugu zake wawili, upembuzi yakinifu na usanifu wa kina, ambao hukaa zaidi upande wa barabara na maji.

Jibu letu lilikuwa la namna hiyo. Naibu Waziri alisimama kwa niaba ya Waziri, akatambua juhudi za wananchi, akaeleza jinsi Serikali inavyotenga fedha kwa awamu kukamilisha maboma nchini kote, akaketi. Jibu lilikuwa safi na lenye adabu, ila ndani ya kifungashio kile hapakuwa na bidhaa.

Thamani halisi ya kipindi hiki imo katika maswali ya nyongeza, ambayo muulizaji hupewa mawili. Mheshimiwa wetu alianza kwa ule utangulizi wa "pamoja na majibu mazuri ya Serikali", unaotamkwa hata pale ambapo jibu halina uzuri wowote, kisha akauliza kama boma hili limo katika mpango wa mwaka wa fedha unaofuata au halimo. Swali hilo haliwezi kujibiwa kwa upatikanaji wa fedha. Naibu Waziri alikiri kwamba halimo, na papo hapo akaahidi kwamba halmashauri itaelekezwa kuliingiza. Swali la pili lilikuwa lile la kuongozana, na alikubali kwa tabasamu. Hadi ninapoandika haya hajafika, nami simlaumu sana, maana angetimiza safari zote anazokubali katika mkutano mmoja wa Bunge asingepata siku ya kukaa ofisini. Ningeshauri tu kwamba nafasi ya nyongeza isitumiwe kuomba mgeni.

Wengi hudhani huduma imekwisha hapo, kumbe kwetu ndipo ilipoanza. Taarifa Rasmi ya Bunge, yaani Hansard, huwekwa kwenye tovuti ya Bunge, ambako pia kuna sehemu ya Maswali na Majibu. Hili ni jambo ninalolisifu bila kusita, kwa sababu mwenye simu na bando dogo anaweza kupata alichokisema Waziri kama alivyokisema. Tulichapisha kurasa mbili kwenye duka la steshenari, tukampa mtendaji wa kijiji na diwani, nao wakaziweka mbele ya wataalamu wa halmashauri. Mazungumzo yalibadilika. Barua yetu ilikuwa ombi la wanakijiji, lakini kurasa zile zilikuwa kauli ya Serikali, na hakuna mtaalamu anayetaka kuonekana hakuisikia.

Wakati nao una uzito wake. Bunge hukutana mara nne kwa mwaka, na mkutano wa kuanzia Aprili hadi Juni ni wa bajeti, mwaka wa fedha ukianza tarehe 1 Julai. Swali la Novemba au la mkutano wa Januari na Februari linamkuta mpangaji wa bajeti bado ana kalamu mkononi. Swali la Septemba linamkuta amekwisha kuifunika. Mwenye haja kubwa zaidi amshawishi mbunge wake ashike shilingi, yaani atoe hoja ya kuzuia shilingi ya mshahara wa Waziri, wakati bajeti ya wizara husika inapopitishwa, kwani Waziri anayeona mshahara wake unazuiwa kwa hoja, hata kama ni kwa desturi tu, hujibu kwa umakini wa aina nyingine.

Mtumiaji ajue pia mlango sahihi. Zahanati na barabara za vijijini huangukia TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, ilhali barabara kuu na za mikoa zinasimamiwa na TANROADS chini ya wizara ya ujenzi. Kwa aliyeko Unguja au Pemba, afya na maji si mambo ya Muungano, kwa hiyo mahali pake ni Baraza la Wawakilishi pale Chukwani. Majirani zetu wa Kenya waliipoteza huduma hii kwa miaka kadhaa baada ya Katiba yao ya 2010 kuwaondoa mawaziri katika ubunge, wakabaki na majibu ya kwenye kamati, hadi mwaka 2023 mawaziri walipoanza kufika ukumbini kujibu maswali. Kwetu Waziri ni mbunge, naye yumo humo humo ukumbini.

Kasoro kubwa niliyoiona ni kwamba jibu likishatolewa halina mlezi. Katika kutafuta kwangu sikuona mahali ambapo mwananchi anaweza kufungua akaona ahadi iliyotolewa kwa kijiji chake imefikia wapi. Kazi hiyo ilikuwa yetu sisi tuliokuwa na muda na nauli, na kijiji kisicho na mtu wa kuzisaka kurasa zile kingebaki na sauti ya redioni. Ni kwa sababu hiyo naipa huduma hii alama tatu kati ya tano. Ingekuwa mbili kama matangazo ya moja kwa moja, ambayo Januari 2016 ilitangazwa kwamba TBC itayapunguza, yasingerejeshwa.

Boma letu sasa lina paa, milango na sakafu ya saruji, na limepakwa rangi ya krimu. Halina muuguzi. Tulipokwenda kwa mheshimiwa mara ya pili tulimpelekea swali tukiwa tumelifupisha wenyewe, na neno "lini" tukaliacha nyumbani: Je, ni watumishi wangapi wa afya waliopangiwa zahanati hii katika ikama (idadi ya watumishi iliyoidhinishwa) ya mwaka huu, na wangapi kati yao wameripoti? Mzee wetu alilisoma mara mbili, akauliza kama mkwe wake anaweza kutajwa, kisha akatia sahihi.