Kaboni ya udongo: Kitulo au Usangu?

Kati ya sehemu hizi mbili za kusini mwa Tanzania, udongo upi ulindwe kwanza ili kaboni yake isipotee? Kitulo, uwanda wa juu wenye nyasi, mwinuko wa mita 2,600 hivi, baridi huvipunguza kasi vijidudu vinavyoozesha mizizi na nyasi. Mboji inarundikana mwaka hadi mwaka, na madini yaliyotokana na majivu ya volkano huishikilia kaboni isitoke upesi. Ndiyo maana udongo wa kule ni mweusi vile.

Usangu, bonde tambarare la mita 1,000 na kidogo, kuna joto na kiangazi kirefu. Mvua za kwanza zikinyesha, vijidudu huamka na kaboni hurudi hewani kwa kasi. (Majaruba ya mpunga ni habari nyingine: maji yaliyotuama huchelewesha kuoza, ila hutoa methani, gesi inayoongeza joto la dunia.)

Mimi ningelinda Kitulo kwanza. Nyasi zile zikilimwa viazi, huku joto la dunia likipanda, akiba ya karne nyingi inapotea.