Tundu la kuba kutoka Kariakoo: linapendeza sebuleni, ila mlango wake nusura uniulie ndege

Kama unapita Kariakoo kwenye maduka ya vyombo na mapambo, lazima umeshaliona. Lile tundu la duara, juu kuba, rangi ya dhahabu, linaning'inizwa mlangoni mwa duka ili kila anayepita ageuze shingo. Ninalo tangu kabla ya masika. Urefu na upana utaambiwa hapo hapo dukani, mimi nataka tuongee kuhusu mlango.

Mlango wake ni wa kupandisha juu. Unauinua kwa kidole, ukiuachia unashuka kwa uzito wake mwenyewe. Hauna komeo, hauna ndoano, hauna hata springi ya kuubana. Aliyeutengeneza alifikiria mkono wa mwenye nyumba, hakumfikiria mwenye mdomo anayeshinda mle ndani kutwa hana kazi nyingine. Nafuga wale kasuku wadogo wa Australia, jike wa kijani na dume wa buluu. Hawa mdomo ndio wanaopandia, ndio wanaoshikia, ndio wanaopekulia kila kitu. Jike nilikuwa namwona anashuka hadi chini, anapenyeza ncha ya mdomo chini ya ule waya wa mwisho wa mlango, anauinua kidogo, anauachia. To! Anauinua tena. To! Watoto wakawa wanamcheka.

Jioni moja niko jikoni nikasikia kelele ambazo si za kawaida yao. Kufika sebuleni, dume yuko nje anazunguka darini, na jike kichwa kiko nje, kiwiliwili kiko ndani, mlango umemshukia shingoni. Na feni ya darini inazunguka kwa nguvu zake zote. Nikasimama katikati sijui nikimbilie swichi au tundu. Hapo hapo umeme ukakatika. Wallahi tangu nizaliwe sijawahi kushukuru umeme kukatika, ila siku ile nilishukuru kwa sauti, majirani wakasikia. Feni ikalegea, dume akatua juu ya pazia, jike nikamtoa akiwa amenyonyoka manyoya upande mmoja wa shingo. Mzima, alhamdulillah, ila alinuna hata ulezi akaukataa mpaka kesho yake.

Nikalifunga tundu kwenye kanga nikalirudisha dukani. Yule kijana, ambaye siku ya kuninunulisha alikuwa ananiita "mamii" kila baada ya neno, safari hii hata kiti hakunipa. Nikamweleza. Akacheka. Akawageukia wateja wengine: "Jamani, kuna ndege wa huyu mama anajua kufungua mlango. Mama, kasoma shule gani?" Watu wakaangua kicheko. Nikamwambia nataka hela yangu, au kama hawezi anipe tundu lenye komeo. Akaninyooshea risiti, kidole kwenye ule mstari wa chini: mali ikishauzwa hairudishwi. Halafu, na hili ndilo linalonichoma hadi leo, akafungua droo akatoa kufuli dogo la begi. "Hili ni elfu mbili tu, mamii. Tatizo limeisha." Yaani kasoro ya bidhaa yake, dawa yake ananiuzia mimi!

Na ni huyu huyu aliyeninong'oneza siku ya kwanza kwamba nikitaka kasuku mkubwa wa kijivu, yule anayesema, "anapatikana". Ndege ambaye tangu Januari 2017 yuko kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, ambako biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini imepigwa marufuku. Ningejua mapema ni duka la namna gani.

Nilikuwa nimepanga kulipatia tundu hili nyota tatu kwa ajili ya uzuri. Lakini kadiri ninavyoandika ndivyo ninavyozidi kuona mengine. Hilo kuba linalowavutia wote, nyaya zake zote zinakutana juu kileleni, nafasi inabana mpaka kidole cha mguu wa ndege kinanasa. Nyaya zenyewe zimesimama wima tupu, na kasuku anataka za kulala ili apande. Duara halina kona, ndege akishtuka hana pa kujibanza. Halafu ni refu kwenda juu, wakati ndege huruka kwenda mbele, si kunyanyuka kama helikopta. Vijiti vya kutulia ni vya plastiki, vyote unene mmoja, vinachubua nyayo; nimevitupa nikaweka matawi ya mpera. Na ile dhahabu imeanza kubanduka pale jike anapotafuna. Chini yake kuna nini? Daktari wa mifugo ameniambia zinki na risasi zinaua ndege taratibu, unamwona amejikunyata tu, hujui anaumwa nini. Basi nyota moja.

Niwe mkweli, trei ya chini ni nzuri. Inateleza kutoka bila kumsumbua ndege, na kinyesi unakiona vizuri, jambo ambalo kwa mfugaji ni muhimu kuliko hiyo dhahabu. Ziwe mbili basi. Hapana, nikikumbuka lile kufuli, moja.

Sasa wanakaa kwenye tundu la mstatili nililotengenezewa na fundi wa kuchomelea wa mtaani kwetu. Mlango una bawaba na komeo la kuzungusha. Nilimpimisha nafasi za nyaya kwa kidole changu kidogo: kikipita kwa raha, abane zaidi. Waya wake ni wa mabati, kwa hiyo kabla ya kuwahamishia nilisugua lote kwa brashi na siki, nikasuuza, nikalianika juani, kama alivyonielekeza daktari, ule unga wa zinki utoke. Baba watoto analiita banda la kuku. Kweli ni baya, wageni siku hizi hawasemi "mashallah" wakiingia. Lakini dume anaruka kutoka tawi hadi tawi, kitu ambacho kwenye kuba hakuwahi kukifanya.

Lile la dhahabu nilifikiri litanifaa kuwapeleka kwa daktari. Nimejaribu, na kwenye bajaji kila tuta mlango unaruka, nikashika kwa kidole njia nzima. Anayelitaka kwa ajili ya maua ya plastiki aje alichukue bure. Trei nimeitoa, fundi ananikatia iingie kwenye hili jipya, na waya wa kufungia mlango ajitafutie mwenyewe. Elfu mbili, dukani wanauza kufuli.