Taulo la Kukaushia Gari: Tazama Pindo Kabla ya Kuuliza Bei

Malalamiko ya wasomaji kuhusu rangi ya gari yanafanana mno. Gari limeoshwa vizuri, kwa shampuu yake na ndoo mbili, na bado likipigwa na jua boneti inaonyesha mikwaruzo myembamba iliyozunguka kama utando wa buibui. Wa kwanza kulaumiwa ni shampuu, kisha sifongo. Taulo halitajwi kabisa, ilhali ndilo linaloburutwa juu ya bodi nzima mwisho wa kazi.

Sitawachosha na habari za kunyonya maji. Mikrofaiba yoyote ya maana inanyonya, na kila muuzaji ameshalipigia debe hilo. Mimi nataka tuzungumze pindo.

Chukua taulo la mikrofaiba la kawaida upitishe kidole pembeni. Katikati ni laini kwa sababu nyuzi zake, mchanganyiko wa polyesta na poliamaidi, zimepasuliwa zikawa nyembamba kuliko unywele. Pindo lenyewe limeshonwa kwa uzi wa polyesta wa kawaida, umekazwa na cherehani. Sasa ufuate mshono mpaka kwenye kona unapoishia. Mara nyingi uzi umekatwa na kuchomwa moto kidogo usifumuke, na pale palipochomwa pamebaki kishanga kigumu, kidogo sana, lakini ukucha unakisikia. Halafu kuna lebo. Wengi huikata kwa mkasi wakaona wamemaliza, kumbe kisiki kinachobaki kwenye mshono ni kikali kuliko lebo ilivyokuwa nzima. Lebo haikatwi, inafumuliwa.

Vanishi ya juu kwenye gari lililotoka kiwandani kwa kawaida ina unene wa maikroni 40 hadi 50 hivi, chini ya unene wa unywele. Na sisi tunakaushaje? Tunatandaza taulo juu ya boneti, tunashika kona mbili, tunalivuta. Pindo la nyuma, limeshalowa na kuwa zito, linapita upana wote wa boneti pamoja na kona zake mbili na lebo yake. Ikiwa kuna chembe ya mchanga iliyoponyoka wakati wa kuosha, manyoya marefu ya katikati huimeza. Pindo halina pa kuificha, linaisukuma tu juu ya rangi.

Kabla taulo jipya halijagusa gari, sugua pindo na kona zake kwenye uso unaong'aa wa CD ya zamani, kisha uitazame chini ya taa kama imekwaruzika. Plastiki ya CD ni laini kuliko vanishi, kwa hiyo kipimo hiki ni kikali. Ndivyo ninavyokitaka.

Nafasi ya kwanza naipa kampuni ya The Rag Company, ya Boise, Idaho, Marekani, na sifichi kwamba nawapendelea. Taulo lao la Gauntlet lina uzito wa gramu 900 kwa mita ya mraba na mchanganyiko wa polyesta 70 kwa poliamaidi 30, yaani poliamaidi ni nyingi kuliko ile 80 kwa 20 iliyozoeleka. Pindo lake limefunikwa kwa kitambaa laini. La kufutia mwisho ni Eagle Edgeless 500, ambalo halina pindo hata kidogo: pembeni limekatwa tu, hakuna uzi wa kushonea. Mtu aliyebuni taulo la namna hiyo alishaelewa tatizo liko wapi.

La pili ni taulo la vijishimo vya mraba, kama Water Magnet la Meguiar's. Ni jepesi, linakauka upesi, na kwenye vioo sioni mpinzani wake. Kwenye rangi nalitumia kwa tahadhari, maana manyoya yake ni mafupi na uchafu hauna pa kuzama.

Ngozi ya kukaushia, ya kondoo au ya bandia, naiweka chini ingawa wazee wa magari wanaiapia. Haina pindo la kukwaruza, hilo nakubali. Ila uso wake ni bapa, na chembe ikinaswa chini yake inasuguliwa kuanzia mlango wa mbele mpaka buti. Vifurushi vya vitambaa vingi kwa bei ya chini ni vya ringi na injini. Visiguse rangi.

Kinachonikera ni wauzaji. Picha zao zote zinaonyesha taulo limekunjwa, pindo limefichwa ndani. Ukiuliza pembeni limeshonwaje, jibu ni “hii orijino.” Gramu zinaandikwa kubwa kubwa, kana kwamba unanunua nyama, na anayekuuzia hana hata mizani ya kuzithibitisha. Wakishaongeza neno “kitaalamu” bei inapanda, uzi ni uleule.

Siti za ngozi zinataka taulo lao, la manyoya mafupi, lisilowahi kugusa ringi. Ngozi nyingi za magari zimepakwa rangi na tabaka la plastiki juu, kwa hiyo mafuta ya kung'arisha hayaingii ndani kama unavyoahidiwa. Yanabaki juu na kukusanya vumbi. Kisafishaji kisicho kikali kinatosha. Ukiwa na siti zenye vitundu, pulizia dawa kwenye taulo, usipulizie siti, maana maji yanapita mpaka kwenye sponji ya ndani na kwenye nyaya za kupasha joto kama zipo. Na zile sponji nyeupe za kufutia madoa ukutani ziweke mbali kabisa, zinakula hilo tabaka la juu.

Taulo zuri huharibiwa na ufuaji. Dawa ya kulainishia nguo inaziba nyuzi na taulo linaacha kunyonya. Joto kali linazikakamaza. Lifue kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya maji, mbali na nguo za pamba, kwa sababu vumbi la pamba likishanasa kwenye mikrofaiba halitoki kirahisi.